Njia Ndefu ya Shemasi

Saa tisa na robo alasiri, Jumamosi, ramani ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya Mwandishi na wino wa mto ulikuwa haujakauka. Kanisa lilikuwa limeshachorwa, na mnara wa kengele, na zahanati. Kilichobaki ni mstari mmoja wa nukta: njia anayopita Shemasi kila asubuhi kutoka nyumbani kwake hadi kanisani. Mpima ardhi aliishika kalamu juu ya karatasi, wala hakuishusha.

"Shemasi wako anazunguka," alisema.

Mwandishi hakugeuka. Alikuwa amesimama dirishani akizungumza na watu wasiokuwepo. Ndivyo alivyofanya kazi. Kila neno la wahusika wake alilisema kwanza kwa sauti, kila mtu na sauti yake, na muuza vioo wa chini alikuwa ameshazoea kumsikia mwanamke mmoja akiua, akikana, akibanwa kwa maswali, kisha akiungama kwa machozi, yote kabla ya chakula cha mchana.

Riwaya zake nne zilikuwa zimeshatoka. Ya tano ilibaki sura moja. Zote zilihusu misheni moja ya kubuni, ya miaka mia iliyopita, na zote zilikuwa na mpelelezi mmoja: mjane aliyepewa kazi ya ushemasi, anayejua nani kamuua nani wakati bado anaifundisha kwaya kupumua. Wasomaji walimpenda kwa kuwa hakumkabidhi muuaji yeyote kabla ya kumpa nafasi ya kutubu. Mwandishi naye alikuwa na masharti yake. Alisali kabla ya kumuua mhusika. Na hakuandika dawa, wimbo wala tarehe ambayo hakuithibitisha katika nyaraka za kanisa. Kwa sababu hiyo alishinda sana kwenye ofisi za kanisa, na huko kulikuwa na Mtunza Nyaraka.

Mpima alikuwa mchumba wake. Ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Tangazo la tatu lilikuwa kesho, na harusi Jumamosi inayofuata.

"Anazunguka vipi, Vipimo?" aliuliza Mwandishi. Jina hilo alimpa siku ya kwanza walipojuana, na hakuna aliyewahi kuona sababu ya kulibadilisha.

"Nyumba yake iko hapa. Kanisa lile pale. Katikati kuna njia iliyonyooka, umeiandika mwenyewe, ina mawe meupe pembeni. Lakini sura ya tatu anapita huku, kwenye kibaraza cha Daktari. Sura ya tano, huku. Sura ya nane mvua inanyesha, ana homa, bado anapita huku."

"Labda ana sababu."

"Nimeitafuta. Haimo kitabuni."

"Basi nimekosea. Nitaifuta."

"Wewe unakosea umri wa watu. Unakosea rangi za ng'ombe. Yule ng'ombe wa mchungaji ameanza mwekundu amemalizia mweusi. Njia hujawahi kukosea." Mpima aliweka kalamu chini. "Anampenda."

Alilisema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mtu kwamba mpaka wa kiwanja cha jirani unapita katikati ya jiko lake.

Mwandishi akageuka, akacheka. "Shemasi ni mjane, si mfu."

"Vitabu vinne hajampenda mtu. Daktari ni nani?"

"Ni mtuhumiwa wa tatu."

"Sikuulizi kitabuni."

Akauvuta mswada, akafungua mahali alipokuwa ameweka rula. "'Daktari aliguna kidogo, kama mtu anayeijaribu sauti yake kabla ya kuitumia, ndipo akajibu.' Nani tunayemjua anaguna kabla ya kujibu?"

Mwandishi aligeukia tena dirisha.

"'Aliugeuza ukurasa kwa ncha ya kidole, kama anayemfunika mtoto aliyelala.' Na huyu?"

"Nimeazima," alisema Mwandishi.

Neno hilo lilikuwa la kazi yake, na Mpima alilijua. Kila mhusika alipewa kitu kimoja cha mtu aliye hai: mwendo, kicheko, namna ya kushika kikombe. Mwandishi aliliita jambo hilo kuazima. Hakuomba ruhusa wala hakurudisha.

"Kumbe. Mimi uliniazima kitabu cha pili, nikawa maiti."

"Ulikuwa maiti mzuri sana. Wasomaji waliniandikia."

"Kitabu cha tatu nikawa yule bahili wa stoo anayehesabu misumari."

"Si unahesabu misumari?"

"Nahesabu! Lakini mwenzangu anaingia mara ya kwanza tu, moja kwa moja anakuwa daktari, mrefu, ana macho ya upole, na mwanamke mwenye homa anazunguka kwenye mvua ili ampitie barazani." Mpima alisimama. Alikuwa mtu wa utulivu. Hata hasira yake ilikaa wima. "Mama aliwaona, wewe na Mtunza Nyaraka."

"Aliona nini?"

"Jumatano, akina mama walipokwenda kufanya usafi kule ofisini. Mmeinamia kitabu kimoja, vichwa vimegusana, mnacheka. Mmevaa glavu nyeupe wote wawili. Akaniambia, mwanangu, nilidhani nimeingia kwenye harusi."

"Rejista ya ubatizo ina zaidi ya miaka mia! Haishikwi kwa mkono mtupu. Na vichwa havikugusana. Na tulicheka kwa sababu kuna mmisionari alichoka siku moja, akaandika jina lake mahali pa mtoto, kwa hiyo mpaka leo kwenye kumbukumbu amejibatiza mwenyewe."

Mpima hakucheka. Ilikuwa hadithi nzuri, na aliona uchungu kwamba mtu mwingine alikuwa ameicheka kwanza.

Mama yake hakuwahi kuukubali uchumba huo. Siku alipotambulishwa mkwe, aliuliza swali moja tu: mwanamke anayezijua sumu zote hizo, chai yake mtu atainywaje? Tangu hapo kila Jumapili alimkalisha muuguzi mmoja, binti wa mwenyekiti wa kwaya, ubavuni kwa mwanawe.

"Na yule muuguzi?" aliuliza Mwandishi.

"Muuguzi gani?"

"Aa, humjui. Yule unayeshika naye kitabu kimoja cha nyimbo, kwa sababu mama yako eti kila wiki anasahau chake nyumbani halafu anachukua cha binti."

"Ana sauti nzuri, basi."

"Ona."

"Nimesema sauti."

"Nimekusikia ulichosema. Mimi nakaa nyuma yenu viti viwili, natazama visogo. Visogo vinasema mengi, Vipimo. Chako kinaitikia kila ubeti."

"Usinigeuzie kibao. Tulikuwa kwenye ramani."

"Tupo kwenye ramani."

Chini muuza vioo alikuwa anakata kioo, na mlio ule mwembamba ulipanda hadi juu, ukakatika.

"Nitakwambia jambo moja," alisema Mpima. "Kazini, mpaka ukiwa na shaka, siweki sahihi. Hata wakinipigia simu, hata aje mwenye kiwanja analia. Naacha hadi niende nikapime tena. Kesho Mchungaji anatakiwa kusoma jina langu mbele ya watu wote. Siwezi kukaa pale nikisikiliza jina langu na shaka hii." Akafunika kalamu. "Nitapita kwake jioni. Nitamwomba asitangaze."

Mwandishi alijua maana yake. Tangazo lisiposomwa kesho, harusi ya Jumamosi haipo. Na harusi ikishasogezwa, mama wa Mpima angekuwa na nafasi ya kutosha kuhakikisha hairudi tena.

Hakulia, wala hakumshika mkono. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mswada wake, akaanza kusoma mahali pote Mpima alipoweka alama. Alisoma kama anavyomsoma mtuhumiwa, polepole, kwa kidole.

Sura ya tatu: *kibaraza chenye vyuma vya kijani, kimoja kimepinda kuelekea barabarani.* Sura ya tano: *alikuwa amekaa ameipa barabara mgongo, ameinamia meza, ukosi wa shati umeachana na shingo.* Sura ya nane: *Shemasi hakumsalimu. Alimtazama mgongo, akapita.*

Alirudi akasoma tena. Kwenye zahanati, mahali Daktari alipozungumza, alikuwa na uso, na aliguna. Barazani hakuwa na uso hata mara moja. Barazani alikuwa mgongo tu.

Mwandishi aliufunga mswada. Kisha alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kupima."

Kutoka nyumbani kwa Mwandishi hadi ofisi za kanisa kuna njia fupi: unatoka kwa muuza vioo, unapita ukuta wa shule, umefika. Mwandishi hakuifuata. Alikata kushoto, akapanda mtaa wa posta, akapita duka la rangi na lile la magodoro, na Mpima akamfuata nyuma huku uso wake umefungwa. Walisimama kando ya barabara ambayo Mpima aliijua vizuri, maana ofisi yao ya upimaji ilikuwa ng'ambo. Ila wafanyakazi waliingilia uani, kwa geti la nyuma, na meza yake aliiweka ili mwanga uje kutoka begani. Alikuwa na miaka mingi katika chumba kile akiwa amelielekezea dirisha mgongo.

"Tazama," alisema Mwandishi.

Mpima alitazama. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja yenye dirisha pana. Vyuma vya dirisha vilikuwa vya kijani. Kimoja kilikuwa kimepinda kuelekea barabarani.

"Vyuma vyetu ni vyeupe," alisema.

"Ndani. Aliyepaka rangi nje ni mwingine."

Mpima akavuka nusu ya barabara, akarudi. Kutoka pale ilionekana meza yake, taa yake, na kiti chake kimegeuzwa nyuma. Mtu akikaa pale, apitaye angeuona mgongo tu.

"Hilo halithibitishi kitu," alisema, ingawa sauti ilikuwa imeshuka. "Umeliona dirisha. Kila mtu analiona."

Mlango uliokuwa nyuma yao ulifunguliwa na mwanamke mnene mwenye miwani kwenye kamba akatoka kutandika kitambaa juu ya mashine yake iliyokaa mlangoni. Duka lake lilikuwa la kutoa nakala na kuuza kalamu, na mtaa mzima ulimwita Mama Fotokopi.

"Ehe! Kurasa Tatu!" alisema. "Leo umekuja na mwenzio?"

Mpima akageuka. "Kurasa Tatu ndio nani?"

"Si huyu. Dada huyu, kaka yangu, anakuja na kurasa tatu. Kesho tena, kurasa tatu. Nikamwambia, lete kitabu chote nikufanyie bei ya jumla. Ananiambia, hapana, sijamaliza. Anasimama hapo, hapo uliposimama wewe. Mashine inatoa nakala, yeye anatazama ng'ambo. Mashine imemaliza zamani, bado anatazama. Mara moja nimempa nakala za mtu mwingine, cheti cha mbwa, kachukua kaondoka nacho!"

"Mama," alisema Mwandishi, "inatosha."

"Haitoshi. Ameniuliza." Mama Fotokopi alivaa miwani yake, akamzunguka Mpima polepole, akasimama nyuma yake. "Aa. Ndiye. Wewe ndiye wa mgongo."

Mpima alikohoa. "Alianza lini?"

"Lini! Mimi nina mashine, sina kalenda. Zamani. Ile mvua iliyoangusha ukuta wa shule, alikuwa ameshaanza. Alijibanza hapa kwangu, kalowa, nikamwambia ingia ndani, akasema hapa panatosha."

Mpima aliikumbuka mvua ile. Yeye ndiye aliyepima upya mpaka wa shule baada ya ukuta kuanguka. Na alikumbuka kwamba ilikuwa majira mazima kabla Mwandishi hajaingia ofisini kwao akiuliza nani anaweza kumchorea ramani ya misheni isiyokuwepo.

"Uliniambia ulikuwa unapita ukaona kibao chetu," alimwambia.

"Nilisema hivyo."

Akafikiri. Ilionekana usoni, kama mtu anayejumlisha. "Kibao kilianguka na ile mvua."

"Ndiyo."

"Hatukukirudisha mpaka mwaka uliofuata."

"Ndiyo, Vipimo."

"Hakukuwa na kibao."

"Hakukuwa na kibao chochote. Kulikuwa na mtu amekaa, hageuki. Nikawa najiuliza uso wake ukoje. Ofisi za kanisa zina mashine ya nakala, na Mtunza Nyaraka aliniruhusu niitumie bure tangu siku ya kwanza. Sijawahi kuitumia." Aliinua kidevu. "Sikujua nimemwandikia Shemasi njia hiyo. Nimejua leo, mezani, wewe ukiwa umesimama unanitishia Mchungaji."

Mama Fotokopi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili asipitwe na chochote.

"Na mguno?" aliuliza Mpima.

"Mguno ni wa Mtunza Nyaraka. Siurudishi. Ni mguno mzuri."

"Na namna ya kufungua kurasa."

"Yake."

"Kwa hiyo uso ni wake."

"Uso ni wake wote. Lakini Shemasi hazunguki kwa ajili ya uso. Hajauona uso wowote pale barazani. Nenda kasome."

Mpima alitazama dirisha kwa muda. "Sijapenda," alisema mwishowe. "Ushahidi nimeuona, lakini ule mguno sijaupenda."

"Usiupende. Na mimi muuguzi sijampenda, na ana sauti nzuri."

Waliachana kwenye kona ya posta. Mpima hakusema kama atapita kwa Mchungaji au hatapita. Alisema tu, "Nipe hiyo ramani, haijaisha," na Mwandishi, ambaye alikuwa ameibeba bila kujua ameibeba, akampa.

Jumapili kanisa lilijaa. Mwandishi alikaa mahali pake pa siku zote, na mbele yake, viti viwili, alikiona kisogo cha mama mkwe mtarajiwa na kisogo cha muuguzi. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mpima alikuja wimbo wa kwanza umeshaanza. Alisimama pale penye nafasi, akainama kwa mama yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, umechelewa. Shika kitabu na mwenzio."

"Leo nitakaa kule."

"Kule wapi?"

Mpima angeweza kupita katikati ya viti. Ilikuwa hatua chache. Badala yake alirudi hadi mlangoni, akazunguka nyuma ya kanisa lote, akaja upande wa pili, akakaa karibu na Mwandishi. Mama yake alimfuata kwa macho mzunguko mzima. Muuguzi aliendelea kuimba, na kwa kweli sauti yake ilikuwa nzuri.

Mpima alimpa Mwandishi karatasi iliyokunjwa. Aliifungua juu ya magoti. Mstari wa nukta ulikuwa umechorwa, safi, haujatetereka. Ulitoka nyumbani kwa Shemasi, ukaiacha njia ya mawe meupe, ukapita mbele ya kibaraza, ukafika kanisani. Pembeni, kwa herufi zake ndogo za kazini, alikuwa ameandika: *njia imethibitishwa.*

"Ulikwenda kwa Mchungaji?" alinong'ona Mwandishi.

"Nyamaza. Anasoma matangazo."

Mchungaji alikuwa mzee, na miwani yake ilikuwa mipya, haijamzoea. Alisoma tangazo la kwaya. Alisoma la shule ya Jumapili. Kisha akageuza ukurasa, akasoma jina la Mpima, na jina la Mwandishi, na majina ya wazazi wao.

"Ndoa hii," alisema, "inatangazwa kwa mara ya pili."

Mabega ya mama wa Mpima yalipanda kidogo. Alikuwa amesikia. Kama ni mara ya pili, bado iko moja, na Jumamosi haina harusi. Mpima naye alisikia, akafungua mdomo, lakini Mchungaji alikuwa ameshaendelea.

"Mwenye kujua kizuizi chochote cha ndoa hii, na aseme sasa."

Kanisa likatulia. Mtoto mmoja aliangusha kitu, kikabingirika, kikasimama.

Kisha nyuma, karibu na mlango, mtu akaguna.

Ulikuwa mguno mfupi, wa mtu anayeijaribu sauti yake kabla ya kuitumia. Mwandishi aliujua kabla hajageuka. Mpima aliujua pia. Ramani iliyokuwa magotini mwa Mwandishi ilikunjamana chini ya mkono wa Mpima. Watu wote waligeuka. Mtunza Nyaraka alikuwa amesimama, mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, na macho yake ya upole yalikuwa yanamtazama Mchungaji.

"Kuna kosa," alisema.

Mama wa Mpima aliushika mkono wa muuguzi.

"Kosa gani?" aliuliza Mchungaji.

Mtunza Nyaraka aliguna tena. "Umesema mara ya pili, Mchungaji. Ya pili ilikuwa Jumapili iliyopita. Niliiingiza mwenyewe kwenye rejista. Hii ni ya tatu."

Akakaa.

Mchungaji alishusha miwani, akausogeza ukurasa mbali na macho, akausogeza karibu. Mpima hakugeuza kichwa, lakini mkono wake ulitoka juu ya ramani ukaushika wa Mwandishi, mbele ya watu.

"Ya tatu," alisema Mchungaji. "Kwa mara ya tatu na ya mwisho."

Akasubiri kidogo. Hakuna aliyesema neno. Akafunga kitabu.